Makopo ya kuongeza mbegu, 1,140,000 kwa miezi mitatu: yanasaidia kweli au tunaliwa?

Dereva wa Kitonga

Wakuu, kwema? Naomba mawazo yenu, na naomba tusiweke mzaha sana maana jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar hadi Tunduma, mara nyingine navuka mpaka Lubumbashi. Umri 38. Nina mtoto wa miaka tisa kwa mama mwingine. Huyu mke niliye naye sasa tuna mwaka wa tatu kwenye ndoa na mimba haijaingia. Yeye kapimwa kila kitu: homoni, ultrasaundi, hadi kile kipimo cha mirija ambacho alirudi nyumbani akilia kwa maumivu. Wanasema yuko sawa. Ndipo na mimi nikaenda kupima shahawa.

Majibu: ujazo ml 2.1, mbegu milioni 9 kwa ml, zinazokwenda mbele 18%, zenye umbo zuri 3%. Aliyenipa karatasi kasema "mbegu chache na dhaifu", akaita mtu mwingine.

Shemeji yangu kanipeleka kwa mshauri wa lishe hapa mjini. Kanishikisha kijiti kilichounganishwa na kompyuta, dakika mbili tu ikatoka ripoti ya kurasa kibao: ini limechoka, figo zina mafuta, mbegu zimejaa sumu. Tiba ni makopo manne. La kwanza vitamini C na E, la pili zinki, seleniamu na foliki asidi, la tatu L-karnitini na koenzaimu Q10, la nne unga wa mitishamba wa kunywa na maji ya moto. Kwa mwezi ni 380,000, na ni lazima miezi mitatu. Anasema zote ni antioksidanti, zinafua mbegu.

Hela ipo, ila ndiyo ya bati za nyumba yangu Kibaha. Sivuti. Bia nakunywa nikiwa nyumbani tu. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo usiseme, usiku mlima wa Kitonga huupandi kwa maji matupu. Kuna anayejua ukweli wa hizi dawa? Naomba kuwasilisha.

Afya Kwanza Daima

Pole sana mkuu, usikate tamaa. Bidhaa hizi ni za asili asilimia mia, hazina kemikali yoyote, zimerudisha furaha kwenye ndoa nyingi. Nicheki pembeni nikupe ofa, utapata na sabuni bure.

Mjukuu wa Songoro

Hazina kemikali ila zina zinki na seleniamu. Haya, tuendelee.

Baba Zuhura

Msimkatishe tamaa mwenzenu. Mimi nilikuwa na milioni 12, nikatumia makopo ya aina hiyohiyo, mwezi wa nne mama Zuhura akashika mimba. Binti sasa anakimbia. Hakuna kingine nilichobadilisha zaidi ya kuacha fegi. Kama una hela, jaribu.

Mswahili wa Likoni

Ndugu yangu pole. Huku kwetu wazee watakwambia supu ya pweza, na ukimaliza bakuli la kwanza uongeze la pili. Bei yake haifiki hata robo ya kopo moja. Sisemi ni dawa, lakini angalau utashiba.

Mama Darubini

Kaka Dereva, salaam. Mimi niko maabara Tanga, na kazi yangu ya kila asubuhi ni kuhesabu hizo mbegu. Nitakujibu kwa kirefu, mimina chai kabisa.

Nianze na karatasi yako, maana hakuna aliyekaa na wewe akuelezee. Kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kiwango cha chini ni ujazo ml 1.4, mbegu milioni 16 kwa ml, zinazokwenda mbele 30%, umbo zuri 4%. Ndiyo, nne kwa mia. Hata mwanaume mwenye watoto sita, mbegu zake nyingi zina vichwa vya ajabu ajabu. Viwango hivyo vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha mstari ukachorwa pale ambapo watano katika kila mia wako chini yake. Kwa hiyo wapo waliozalisha wakiwa chini ya mstari huo. Wewe uko chini, na inafaa kufuatiliwa, ila hakuna mahali karatasi yako imeandikwa huwezi.

Halafu sampuli yenyewe ina maswali. Shahawa ikitoka huwa nzito na inavutika, tunaiacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa nusu saa hivi mpaka iwe majimaji, ndipo tone linawekwa kwenye kioo chenye miraba midogo ya kuhesabia. Unaona zinazokata moja kwa moja, unaona zinazozunguka palepale, na nyingine zinatikisa mkia tu bila kwenda popote. Sasa mtu anakuja ametoka Muheza, kikombe kakishika mkononi dirishani kwenye basi, saa mbili zimepita. Mwingine kaleta ndani ya kondomu, na kondomu nyingi zina mafuta yanayoua mbegu. Mwingine tone la kwanza limemwagika na anaona haya kusema, wakati hilo la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote. Mimi naandika ninachokiona, na karatasi inatoka na muhuri.

Kwa hiyo niambie: ulikaa siku ngapi bila kukutana na mkeo kabla ya kipimo? Uliitolea wapi? Na ndani ya miezi mitatu iliyotangulia, uliumwa homa kali?

Sasa makopo. Hoja ya huyo mshauri ina mzizi wa kweli, ndiyo maana inauzika. Mwili ukitumia oksijeni huzalisha chembe kali zinazoharibu kilicho karibu nazo. Ngozi ya mbegu imejaa mafuta ya aina inayoharibika upesi, na mbegu yenyewe ni ndogo mno, haina nafasi ya kubeba kinga wala nyenzo za kujikarabati. Kwa kuwa umetaja bati, basi ni kutu. Sigara, joto, maambukizi na mishipa ya korodani iliyovimba huongeza hiyo kutu, na antioksidanti huizuia. Mpaka hapo mshauri yuko sawa. Asichokwambia ni kwamba mbegu inazihitaji hizo chembe kwa kiasi kidogo ili ikamilishe hatua ya mwisho kabla ya kuingia kwenye yai. Kuzifua zote hakuna faida.

Lakini mambo ya nadharia tuyaache, tutazame watu waliomeza. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya tafiti mbili za Marekani, na zote mbili zinafanana na makopo yako. Moja inaitwa FAZST. Wanandoa 2,370 waliokuwa wanatafuta matibabu ya uzazi, nusu ya wanaume wakapewa foliki asidi mg 5 na zinki mg 30 kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Waliopata mtoto: 34% kwa waliomeza zinki na foliki, 35% kwa waliomeza hewa. Wingi wa mbegu, mwendo, umbo, hakuna tofauti. Vinasaba vilivyokatikakatika ndani ya mbegu vilikuwa vingi kidogo kwa waliomeza dawa, na hao hao ndio waliolalamika zaidi tumbo na kichefuchefu.

Baba Zuhura, kwa heshima zote, soma tena hiyo 35%. Hao walimeza vidonge vitupu na wakapata watoto. Wangekuwa wamevinunua, leo kila mmoja angekuwa shahidi. Na wewe mwenyewe umeandika uliacha fegi, kisha ukapita haraka. Mimi ningeanzia hapo.

Utafiti wa pili unaitwa MOXI. Huu ulichukua wanaume 171 wenye kasoro hasa kwenye mbegu, kama wewe, wakapewa mchanganyiko: vitamini C, vitamini E, seleniamu, L-karnitini, zinki, foliki asidi na likopeni. Ukitoa likopeni yao, na Q10 na ule unga wako, ni makopo yako kabisa. Baada ya miezi mitatu mbegu hazikuwa bora kuliko za waliopewa vidonge vitupu. Waliopata mtoto walikuwa 15% upande wa dawa na 24% upande wa vidonge vitupu. Sitasema dawa iliwaharibia, kwa idadi ile tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Ila hakuna mahali pa kushika ukasema ilisaidia.

Utakutana na mtu atakayekuonesha tafiti nyingine zinazosema zinasaidia, na zipo. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, mwaka 2022 walikusanya tafiti 90, wanaume zaidi ya 10,000. Ukizichanganya zote, inaonekana huenda antioksidanti zinaongeza nafasi ya kupata mtoto. Walipoziondoa zile zilizofanywa ovyo, faida ikayeyuka. Wenyewe wamesema ushahidi ni dhaifu. Kwa ushahidi wa namna hiyo mimi siuzi bati.

Kuhusu kijiti cha kompyuta sina mengi. Mbegu huonekana kwa darubini. Hakuna mbegu kwenye kiganja.

Na usidhani "hata kama haisaidii haidhuru". Vitamini E ya vizio 400 kwa siku ilifanyiwa utafiti kwa wanaume zaidi ya 35,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, Marekani, Kanada na Puerto Rico. Majibu ya mwaka 2011 yakaonesha saratani ya tezi dume imeongezeka kwa 17% kwa waliomeza vitamini E peke yake. Zinki ikizidi mg 40 kwa siku kwa muda mrefu inakupunguzia madini ya shaba mwilini, na damu inapungua. Seleniamu ikizidi, nywele zinanyonyoka na kucha zinavunjika. Sasa mtu ana makopo manne, na hajui kila kopo lina miligramu ngapi. Geuza kopo usome nyuma, ujumlishe.

Mswahili wa Likoni, pweza ni chakula kizuri, ana zinki na seleniamu, kuleni. Ila mjue hamu ya tendo na wingi wa mbegu ni vitu viwili. Wapo wanaokuja kwangu wakiwa na nguvu za simba, na darubini haioni hata mbegu moja.

Hilo la mwisho linanipeleka kwenye jambo ninalolisema kila siku kaunta na watu hawalipendi: kama kuna anayesoma hapa anachomwa sindano za testosteroni, homoni ya kiume, au za kutunisha misuli jimu, hizo zinaambia ubongo kwamba homoni zipo za kutosha, na korodani zinaacha kutengeneza mbegu. Watu wanachomwa wakidhani wanaongeza.

Dereva wa Kitonga

Dada, asante sana, Mungu akuzidishie. Nijibu maswali yako.

Nilikuwa nimetoka Lubumbashi, tulikwama mpakani, kwa hiyo ni kama wiki tatu sijakutana na mke. Sampuli niliitolea gesti ya jirani na hospitali kwa sababu choo walichonionesha kilikuwa na foleni ya watu mlangoni, nikaileta kwa bodaboda. Na malaria ilinikamata Kasumbalesa, kama mwezi na nusu kabla ya kupima. Ilikuwa kali, nikatundikiwa dripu, utingo ndiye aliyelala na gari.

Hakuna aliyeniuliza hayo.

Mama Darubini

Sasa tunaongea, kaka yangu.

Wiki tatu ni nyingi mno, tunataka siku 2 hadi 7. Mbegu zikikaa muda mrefu zinachoka, kwa hiyo hiyo 18% ya mwendo siiamini sana. Ila kuwa mkweli na nafsi yako: kukaa muda mrefu kunaongeza idadi, hakupunguzi. Milioni 9 baada ya wiki tatu ni kidogo, na kwa hilo gesti na bodaboda hazina kosa.

Malaria ndiyo ninayoitilia shaka. Mbegu moja inatengenezwa kwa siku 70 na kitu, kisha inapita kwenye mrija wake siku kadhaa kabla ya kutoka. Homa kali inaziunguza zilizokuwa njiani. Ulichopima ni mbegu zilizokuwa jikoni wakati unatundikiwa dripu. Kwa kawaida hali inarudi yenyewe kadiri mpya zinavyotoka, ndani ya miezi mitatu hivi tangu homa iishe.

Na hapa ndipo pa kumtazama vizuri mtu wa makopo. Amekwambia miezi mitatu. Ungeanza leo, na mbegu zako zingepanda zenyewe kwa sababu homa imepita, ukipima baada ya hapo namba ziko juu. Sifa ingekwenda kwenye kopo, na wewe ungekuwa unaandika hapa kama Baba Zuhura.

Kwa hiyo rudia kipimo ikishatimia miezi mitatu tangu malaria. Kaa siku tatu au nne bila tendo. Itolee palepale hospitali, fika asubuhi mapema kabla ya foleni. Ikishindikana kabisa, iweke kikombe cha maabara kwenye mfuko wa ndani wa shati, karibu na ngozi, ifike ndani ya nusu saa. Bila sabuni, bila mafuta, bila mate. Ikimwagika kidogo, sema.

Wakati unasubiri, usikae bure. Muone daktari wa mfumo wa mkojo akupime kwa mikono, ukiwa umesimama. Anatafuta varikoseli, mishipa ya korodani iliyovimba na kujikunja, mara nyingi upande wa kushoto, ambayo ukilala inalegea. Katika wanaume 100 wa kawaida 15 hivi wanayo na wengi hawasumbuliwi na lolote, lakini kwa wanaohangaika na uzazi inafika kama 40 katika 100. Ikiwa kubwa inarekebishwa kwa upasuaji, na kwa mtu mwenye namba kama zako mbegu mara nyingi zinaboreka. Umeshazaa zamani, sasa inagoma, varikoseli ni moja ya mambo yanayokuja taratibu hivyo. Daktari anaweza pia kutaka homoni zako, na kama kuna chembe za usaha kwenye shahawa atatafuta maambukizi. Ila ukiambiwa "UTI sugu" bila kipimo cha kuotesha vijidudu maabara, omba kipimo.

Kiti cha lori nacho kina neno. Korodani zinatakiwa zipoe nyuzi mbili hadi nne kuliko mwili, ndiyo maana zimewekwa nje. Wewe unakaa saa nyingi juu ya injini, na suruali ya jinzi. Kwenye mizani Vigwaza na Mikumi si mnasimama hata hivyo? Shuka, tembea. Vaa bukta pana chini. Vinywaji vya kuongeza nguvu sina ushahidi wa kuvilaumu kwa mbegu, lakini mtu anayekunywa vile ili asilale, tatizo lake la kwanza ni usingizi.

Na vitamini kula kwenye sahani. Mapera na machungwa yana vitamini C tele, nyanya zilizopikwa kwa mafuta zina likopeni, mbegu za alizeti vitamini E, dagaa seleniamu. Chakula hakijawahi kunitisha.

Mke wa Mtu Morogoro

Niongeze kidogo kwa niaba ya wenzangu. Kipimo cha mirija kinauma, na ni cha pesa. Cha mwanaume hakina sindano. Nashangaa kila mara kwa nini sisi ndio tunaotangulizwa, huku nyumbani mawifi wanatutazama tumbo. Daktari wangu alisema karibu nusu ya kesi mwanaume anahusika, peke yake au pamoja na mke. Kaka Dereva amejitokeza, nampa heko.

Afya Kwanza Daima

Mama Darubini, hospitali hazipendi tiba asili kwa sababu zinapoteza wateja.

Mama Darubini

Maabara yetu inatoza kipimo mara moja. Wewe unatoza kila mwezi.

Dereva wa Kitonga

Nimecheka peke yangu hapa maegesho ya Makambako.

Sawa, bati zinakwenda Kibaha. Jumatatu nikirudi namtafuta daktari, na kipimo nitarudia mwezi ujao mwishoni, nitakuwa nimekaa siku tatu. Swali la mwisho: mke kasoma huu uzi wote kwenye simu yangu, anauliza kama na yeye hizo foliki asidi hazina kazi, maana kuna nesi alimwambia ameze na yeye akaacha.

Mama Darubini

Mwambie arudi kumeza leo leo. Kwa mwanamke ni habari nyingine kabisa. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla mimba haijaingia na aendelee hadi wiki ya 12. Inapunguza sana mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba, ndiyo maana akingoja mpaka kliniki anakuwa amechelewa. Kama aliwahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, au anatumia dawa za kifafa, dozi yake ni kubwa zaidi na apangiwe na daktari. Vidonge vyenyewe ni vidogo na bei yake haifiki ya soda unazokunywa Kitonga kwa wiki. Achukue famasia, asichukue kwa mwenye kijiti.